Kabla Mzigo Haujaacha Ardhi

Ubavuni mwa kreni nyingi za matairi kwenye saiti za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa pameandikwa namba kubwa kwa rangi: 25, 50, 100. Mpita njia huisoma namba hiyo kuwa ndiyo nguvu ya mashine. Bahati mbaya wapo wakandarasi wanaokodi kreni kwa saa ambao nao huisoma hivyohivyo. "Tuna bomba la tani 12, leteni ya 25, itatosha." Kwa opereta aliyefundishwa, maneno hayo bado hayajamwambia kitu. Anataka kujua bomba lipo umbali gani kutoka pale kreni itakaposimama, linapelekwa wapi, na chini ya miguu ya mashine pana nini.

Kreni ya tani 50 hunyanyua tani 50 ikiwa mzigo uko karibu mno, takribani mita 3 kutoka kwenye kitovu inapozungukia, mkono wake ukiwa mfupi na miguu ya pembeni imefunguliwa yote. Sogeza mzigo huo hadi mita 20 na mashine ileile hubakiwa na uwezo wa tani chache tu. Ni kama mtu anayeweza kuikumbatia ndoo ya maji kifuani lakini akashindwa kuishika mkono ukiwa umenyooshwa. Umbali unaohesabiwa ni ule wa kutoka kitovu cha mzunguko hadi usawa wa ndoano. Haupimwi kutoka kwenye tairi wala kutoka kwenye mguu wa mbele, ingawa wengi hupima hivyo kwa sababu ndiko mkanda wa kupimia unakofika kwa urahisi.

Uwezo wa kreni kwa kila umbali umo kwenye chati ya mzigo inayotakiwa kuwepo ndani ya kabini. Chati huwa na safu ya umbali, safu za urefu wa mkono, na pale zinapokutana pana uzito unaoruhusiwa. Umbali ukiangukia kati ya mistari miwili, opereta huchukua ule mrefu zaidi na uzito mdogo zaidi, hakisii katikati. Chati iwe ya mashine hiyohiyo, si ya dada yake wa toleo jingine, na iwe katika lugha anayoisoma. Mashine zilizotumika zikifika kutoka nje na chati ya maandishi ya Kijapani au Kichina, kazi ya kwanza ya mwenye mali ni kutafuta chati inayosomeka. Hadi hapo, kreni hiyo ni gari zito la kupaki.

Chati nyingi zina mstari mnene unaozigawa namba zake, na huu haupewi heshima inayostahili. Upande mmoja wa mstari, kinachoweka kikomo ni mashine kupinduka. Upande wa pili, kikomo ni nguvu ya chuma chenyewe: mkono, pini, mitungi ya haidroli. Opereta wa zamani waliojifunzia kazini bila chuo hujivunia "kuisikiliza" kreni, yaani hungoja wahisi mguu wa nyuma unaanza kuwa mwepesi ndipo waache. Ujuzi huo una thamani yake, lakini ndani ya eneo la nguvu za chuma hausaidii chochote. Mkono hukatika miguu yote minne ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake, na hakuna dalili inayotangulia.

Uzito wa mzigo wenyewe ndipo penye ubishi mkubwa saiti, kwa sababu kila mtu ana makadirio yake. Opereta asikubali makadirio ya macho. Zege lina uzito wa karibu tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo, chuma tani 7.85, maji tani 1. Boriti ya zege yenye urefu wa mita 6, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50 ina mita za ujazo 1.2, kwa hiyo ni karibu tani 2.9. Hesabu hiyo huchukua dakika moja kwenye simu. Juu yake huongezwa uzito wa ndoano na kapi zake, minyororo, mikanda, na boriti ya kutanulia kama ipo, kwani vyote hivyo kreni inavinyanyua pia. Mizigo yenye vitu vilivyojificha ndiyo ya kuogopwa zaidi. Tangi "tupu" lililobaki na lita 1,000 za maji ya mvua limeongeza tani nzima. Nguzo iliyozama kwenye udongo wa mfinyanzi hushikwa na udongo huo, na nguvu ya kuing'oa huweza kuupita mbali uzito wake. Kitu cha namna hiyo huchimbuliwa na kulegezwa kwanza; kreni si mashine ya kung'olea.

Bandarini jambo hili limepewa sheria yake. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa vyombo vya baharini zinataka uzito wa kila kontena lenye mzigo uthibitishwe kabla halijapakiwa melini. Kontena la futi 20 likiwa tupu lina uzito wa tani 2 na kitu. Likijazwa hadi mwisho linaweza kufika tani 30 na zaidi. Kwa macho, hayo mawili ni kitu kimoja.

Kati ya ndoano na mzigo pana vitu vidogo ambavyo vimeua watu wengi: mikanda, minyororo, kamba za waya na pingu za chuma. Hapa mfungaji mzigo ndiye mwenye kazi, lakini opereta haachi kutazama. Chukua mzigo wa tani 10 uliofungwa kwa mikanda miwili. Ikining'inia wima, kila mmoja hubeba tani 5. Ikifunguka hadi kila mkanda ufanye pembe ya nyuzi 60 na usawa wa ardhi, kila mmoja hubeba karibu tani 5.8. Kwa nyuzi 45 ni tani 7.1. Kwa nyuzi 30, kila mkanda hubeba tani 10 kamili, sawa na mzigo wote. Mzigo haukuongezeka hata kilo moja. Aliyefunga ndiye aliyetumia mikanda mifupi kwa sababu mirefu ilikuwa stoo. Chini ya nyuzi 30 pasifungwe kabisa.

Mikanda ya sintetiki inayofuata viwango vya Ulaya hujitambulisha kwa rangi: zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5, kahawia 6, bluu 8, na rangi ya chungwa 10. Rangi husaidia, lakini kinachotawala ni lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Mkanda usio na lebo, uliokatika uzi, uliochubuliwa na kona ya chuma au uliopaushwa na jua ukawa mkavu, hukatwa vipande na kutupwa. Ukiachwa mzima pembeni, kesho utarudi kazini, maana saiti haina kitu kinachotupwa kikakaa.

Tarehe 15 Machi 2008, Manhattan huko New York, mafundi walikuwa wakiirefusha kreni ya mnara kando ya jengo la Mtaa wa 51 Mashariki. Walikuwa wamening'iniza kwa mikanda pete nzito ya chuma inayoushikiza mnara kwenye jengo. Mikanda ikakatika, pete ikashuka na kuigonga iliyokuwa chini yake, mnara ukapoteza vishikizo vyake, kreni nzima ikaanguka juu ya majengo ya jirani. Watu 7 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa mmoja kati ya mikanda ile ulikuwa umeshachakaa kabla ya siku hiyo. Kreni yenye uwezo wa kunyanyua tani nyingi iliangushwa na kitambaa. Afrika Mashariki nayo si mgeni wa misiba hii: Agosti 2022 kreni ya mnara ilianguka kwenye saiti ya Kilimani, Nairobi, ikaua watu kadhaa. Kupandisha, kurefusha na kubomoa kreni ya mnara ni kazi ya timu maalumu inayofuata kitabu cha mtengenezaji hatua kwa hatua, na siku hiyo asiyehusika hukaa mbali.

Kamba ya waya ya kreni yenyewe hukaguliwa kila siku kwa macho, na mkono unaogusa uwe na glovu. Zinatafutwa nyuzi zilizokatika, sehemu iliyopinda na kubaki imepinda, sehemu iliyofumuka kama tundu la ndege, kutu ya ndani, na kipenyo kilichopungua. Ndoano huangaliwa kama mdomo wake umepanuka na kama kilango chake cha usalama kinafunga. Kilango kilichofungwa kwa waya wa bindingi ili kisisumbue ni kasoro inayotosha kusimamisha kazi.

Sasa miguu. Kreni ya matairi inaponyanyua huwa imesimama juu ya miguu minne ya pembeni, na mkono ukielekezwa kwenye kona moja, mguu wa kona hiyo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mashine na mzigo kwa pamoja. Tani hizo zote hushukia kwenye sahani ya chuma ambayo haizidi upana wa meza ndogo. Ardhi ya Afrika Mashariki ina hila zake: udongo mweusi wa mbuga ulio mgumu kama tofali mwezi wa Agosti huwa uji mwezi wa Aprili, mchanga wa pwani hukimbia, na mijini chini ya lami kuna makaro, mitaro ya maji taka na mahandaki ya nyaya yaliyofukiwa juujuu. Anayejua hayo ni mwenye saiti, si opereta aliyefika asubuhi hiyo, kwa hiyo opereta aulize, tena apate jibu la mtu anayewajibika. Chini ya kila mguu ziwekwe mbao nene au mataruma yaliyopangwa yakashikamana, eneo lake liwe kubwa mara kadhaa kuliko sahani yenyewe. Matofali na mawe ya kuokota hayafai, hupasuka. Kreni ikae mbali na ukingo wa shimo la msingi, na jinsi shimo lilivyo refu ndivyo umbali unavyoongezeka.

Miguu ifunguliwe yote hadi mwisho. Saiti finyu za Kariakoo au Eastleigh humshawishi opereta afungue upande mmoja tu kwa kuwa upande wa pili kuna ukuta wa jirani. Mashine nyingine zina chati maalumu ya miguu iliyofunguliwa nusu. Zisizo nayo haziruhusiwi kufanya hivyo. Kisha pimamaji ya kabini isomwe. Chati zinachukulia kuwa kreni imekaa sawasawa, kwa kawaida tofauti isizidi asilimia 1. Mkono mrefu ukiinama kidogo tu upande, ncha yake husogea mbali, na mzigo huanza kuuvuta mkono kwa ubavu, upande ambao chuma chake hakikuumbwa kubeba.

Jambo moja huwashangaza hata wazoefu: umbali uliopimwa kabla ya kunyanyua huongezeka mzigo ukishaning'inia. Mkono hupinda kidogo, kamba hunyooka, mashine hukaa kwenye mbao zake. Aliyepanga kazi yake hadi ukingoni mwa chati hujikuta ameshauvuka mzigo ukiwa bado haujafika kiunoni mwa mtu. Ndiyo maana mzigo mzito hunyanyuliwa sentimita chache kwanza, ukasimamishwa hapo. Opereta huangalia miguu, breki na kamba, mfungaji huangalia kama mzigo umelala sawa, na kompyuta ya mashine husomwa ili kujua uzito halisi. Kama kuna kosa, linarekebishwa hapo kwa kushusha sentimita hizohizo.

Kompyuta hiyo ni msaada mkubwa, lakini inajua kile inachoambiwa tu. Haijui kwamba mguu wa kulia uko juu ya karo. Haijui upepo unakuja. Na swichi ya kuizima ipo kwa ajili ya dharura na matengenezo, wala si kwa ajili ya "kumalizia hii moja".

Upepo una hesabu yake ya kikatili: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Tarehe 14 Julai 1999, kreni kubwa iliyoitwa Big Blue ilikuwa ikipandisha kipande cha paa chenye uzito wa zaidi ya tani 400 kwenye uwanja wa besiboli wa Miller Park, Milwaukee, Marekani. Upepo ulikuwa mkali. Athari ya upepo kwa kreni yenyewe ilikuwa imezingatiwa. Athari yake kwa lile paa pana haikupigiwa hesabu. Kreni ilianguka na kuua mafundi chuma 3. Somo lake kwa opereta wa Mtwara au Lamu liko wazi, maana wakati wa kusi upepo wa mchana hupanda haraka: mabati, fomu za zege na paneli za ukuta hukamata upepo kama tanga, na huweza kuwa hatari katika kasi ambayo chati inairuhusu kwa mzigo mdogo na mzito. Kipima upepo kiwepo kwenye ncha ya mkono, si kwenye ofisi ya saiti, na mizigo mipana ifungwe kamba ya kuongozea inayoshikwa na mtu aliye mbali na uelekeo wake.

Kuhusu umeme, maneno machache yanatosha. Nyaya za kilovolti 11 na 33 zinazopita kando ya barabara zetu hazina ganda, na kreni haihitaji kuzigusa ili umeme uruke. Kanuni za Marekani zinataka mita 3 za chini kabisa kwa nyaya za hadi kilovolti 50, na zaidi ya mita 6 pale ambapo nguvu ya umeme haijulikani. Ni kipimo kizuri cha kuanzia pale ambapo shirika la umeme halijatoa chake. Njia bora kuliko zote ni kuomba laini izimwe. Mkono ukigusa waya, opereta abaki kabini, ajaribu kuuondoa mkono, na awapigie kelele walio chini wakae mbali, angalau mita 10. Moto ukimlazimisha kutoka, aruke miguu ikiwa pamoja, asishike mashine huku amekanyaga ardhi, kisha aende kwa hatua fupi za kuburuza miguu isiyoachana. Hatua ndefu hupitisha umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Opereta mara nyingi haoni mzigo unakotua, kwa hiyo anakopa macho ya mtoa ishara. Awe mmoja, avae kizibao cha rangi tofauti, na wakubaliane kabla ya kuanza. Kupandisha: mkono wima, kidole cha shahada juu kikizunguka. Kushusha: mkono chini, kidole chini kikizunguka. Kusimama kwa dharura: mikono yote miwili imenyooshwa, viganja vikitazama chini, ikipepewa ndani na nje. Ishara za kazi hutolewa na mtu mmoja tu. Ya kusimama hutiiwa hata ikitoka kwa muuza chai. Wakitumia redio, mtoa ishara aendelee kuongea muda wote mzigo unaposogea, na akinyamaza, opereta asimame. Hakuna anayepita chini ya mzigo, na hakuna anayepandishwa kwa kuning'inia kwenye ndoano, hata kama ni ghorofa moja na ngazi iko mbali. Kwenye foko ni vivyo hivyo: uma si lifti, na foko ikianza kupinduka dereva abaki ndani akiwa amefunga mkanda, kwa kuwa wanaokufa wengi ni wale walioruka wakaangukiwa na paa la mashine.

Yote haya humrudia opereta katika dakika moja ngumu. Zege limeshachanganywa, lori la kukodi linahesabu saa, na msimamizi yuko chini ya kabini: "Kaka, pandisha tu, imebaki kidogo." Opereta ndiye anayeshika levo, na ndiye atakayeulizwa. Sheria haikumwacha peke yake. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 155 wa 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali penye hatari ya namna hiyo kabla haijaondolewa. Tanzania ina sheria yake Na. 5 ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na wakaguzi wake wana mamlaka juu ya mitambo hii. Kukataa kuna namna yake, hata hivyo. Kelele humgeuza opereta kuwa mkaidi. Namba humfanya mtaalamu. "Umbali ni mita 14, chati inanipa tani 5.2, mzigo na vifungio ni 5.9. Tuisogeze kreni mita tatu, au tuukate mzigo mara mbili." Msimamizi mwenye haraka hubishana na hofu ya mtu, lakini na karatasi ni vigumu.

Mwenye mashine naye ana zamu yake. Kanuni za Uingereza za 1998 zinataka vifaa vya kufungia mzigo na mashine zinazonyanyua watu vikaguliwe kwa kina na mtaalamu kila miezi 6, na mashine nyingine kila miezi 12. Mkataba wa ILO namba 152 wa 1979, unaohusu kazi za bandarini, nao unataka ukaguzi wa kina angalau mara moja kila mwaka. Opereta anayekabidhiwa kreni aombe kuona cheti cha ukaguzi huo na tarehe yake kabla ya kupokea ufunguo.

Kazi ikiisha, kreni bado haijaacha kuwa hatari. Ijumaa tarehe 11 Septemba 2015, siku chache kabla ya Hija, dhoruba iliiangusha kreni kubwa ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka. Zaidi ya watu 100 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Kreni haikuwa ikinyanyua kitu. Wachunguzi wa Saudia walieleza kuwa mkono wake mrefu uliachwa umesimama wakati mashine haifanyi kazi, kinyume na maelekezo ya mtengenezaji. Kwa kreni ya matairi, kufunga siku maana yake ni kurudisha mkono ndani na kuulaza, kufunga ndoano, kuvuta breki, kuzima, na kuondoka na ufunguo. Kwa kreni ya mnara ni kinyume kidogo: ndoano hupandishwa juu bila mzigo, na breki ya mzunguko huachiwa ili mkono ugeuke wenyewe kuufuata upepo. Wanaoifunga "ili isizunguke usiku" wanaugeuza mkono kuwa ukuta.

Mwisho hufunguliwa daftari la mashine. Huandikwa saa za injini, mizigo mizito ya siku, kasi ya upepo pale kazi iliposimamishwa, na kila kasoro hata ikionekana ndogo: haidroli inayodondoka kwenye mguu wa nyuma kushoto, king'ora kisicholia, nyuzi mbili zilizokatika kwenye kamba na mahali zilipo. Nakala huachwa kwa msimamizi ikiwa na sahihi yake, na opereta wa zamu inayofuata huisoma kabla hajapanda.